Kompyuta za Muhonja na Ukoo wa Kamanda

Kwa miaka ishirini na mitatu Muhonja alikuwa mwandishi wa daftari la ng'ombe katika ushirika mmoja wa wafugaji mjini Kakamega. Kila ndama aliyezaliwa kwa mwanachama, kuanzia Malava hadi Mayoni, alimwandika yeye: baba nani, mama nani, rangi gani. Daftari lilikaa ndani ya kompyuta nne za zamani kwenye chumba cha nyuma, katika programu iliyokataa katakata kufanya kazi kwenye mashine mpya. Mambo ya kompyuta hakuyasomea popote. Aliyajua kwa kuwatazama mafundi, na kwa kuwauliza maswali ya kijinga makusudi, maana fundi akiulizwa swali la kijinga hueleza kila kitu.

Mwezi wa Januari meneja, Bwana Ignatius, alimleta fundi aitwaye Oliver aweke ruta mpya, kile kifaa kinachogawa mtandao ofisini. Ofisi za mbele zikapata mtandao wa kasi na printa kubwa, ikawekwa kwenye chumba cha mikutano. Chumba cha nyuma kikabaki kisiwa. Kompyuta zake zilikuwa na anwani za zamani, na ruta mpya haikujua kama zipo duniani.

"Hizo zilishakufa," Ignatius alimwambia. "Ijumaa kuna mtu wa vyuma chakavu anakuja kuzibeba."

"Na daftari, Meneja?"

"Tutaanza lingine."

Alilisema haraka mno, macho yakiwa dirishani. Muhonja akarudi kwenye kiti chake akiwaza. Wiki hiyohiyo Ignatius alikuwa akimsifu fahali wake, Kamanda, ili halmashauri imkubali apande ng'ombe wa ushirika mzima. Friesian halisi, alisema, damu safi vizazi vitatu. Muhonja akafungua daftari, akatafuta jina, akasoma, kisha akafunga mlango ili acheke vizuri.

Sasa alikuwa na sababu mbili, daftari na Kamanda, za kutaka chumba cha nyuma kiifikie printa ya mbele. Akachukua kompyuta ya tano iliyokuwa kabatini, akaitia kadi mbili za mtandao, waya mmoja ukaenda nyuma na mwingine mbele, akaipangia ipokee ujumbe upande mmoja na kuupitisha upande wa pili. Akaibatiza Mlango. Kutoka nyuma aliiita Mlango, ikajibu. Akaita anwani ya Mlango ya upande wa mbele, nayo ikajibu. Akaita printa. Kimya.

Mtu mwingine angekata tamaa. Muhonja alienda chumba cha mikutano na kitambaa cha vumbi, akaisugua printa polepole huku kompyuta ya nyuma ikiendelea kuita. Kila ilipoita, taa ndogo ya printa ilipepesa. Kwa hiyo barua ilikuwa inafika. Jibu ndilo lililopotea. Printa iliikabidhi ruta jibu lake, na ruta, kwa kutokijua chumba cha nyuma, ililitupa nje kwenye intaneti. Ilihitaji kuambiwa jambo moja tu: barua za chumba cha nyuma ipe Mlango. Lakini nenosiri la ruta alikuwa nalo Oliver peke yake, na Oliver alishamwambia kwamba mashine zake ni za makumbusho.

Jumatano Oliver alipopita, Muhonja alimkaribisha chai.

"Pole na hiyo ruta," alisema.

"Pole ya nini, Mama?"

"Nasikia ni ya bei ya chini. Ati haiwezi kuongezewa njia ya mtandao mwingine."

Oliver akaweka kikombe chini. "Nani amesema?"

"Watu. Mimi najuanga nini?"

Oliver alifungua kompyuta yake ndogo palepale. "Lete anwani yoyote, uone." Muhonja akamtajia mbili, ya chumba cha nyuma na ya Mlango, taratibu, kama mtu anayebahatisha. Oliver akaandika, akahifadhi, akamwonyesha. "Imekubali ama haijakubali?"

"Kumbe," alisema Muhonja, akamwongezea sukari.

Alhamisi asubuhi halmashauri ilikaa. Ignatius alikuwa amefika kwenye kizazi cha pili cha Kamanda wakati printa ilipoguruma na kutoa karatasi moja. Aliyeketi karibu nayo alikuwa Mama Nabwire, mweka hazina, na akadhani ni ajenda. Akaisoma kwa sauti.

"Kamanda. Dume. Mama: Chepeo, ng'ombe wa kienyeji, Malava. Baba: hajulikani, aliruka ua."

Mzee mmoja akaanza kukohoa kicheko, na wengine hawakungoja kualikwa. Ignatius alitoka hadi chumba cha nyuma, shingo imemvimba.

"Muhonja, ni wewe?"

"Nilikuwa najaribu njia, Meneja. Imefika?"

Ignatius alifungua mdomo ili afoke. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, midomo ikamcheza.

"Imefika," alisema.

Ijumaa mtu wa vyuma chakavu aliondoka na kabati bovu tu; kompyuta zilibaki. Jumatatu foleni ya wafugaji ilifika hadi ngazi: kila mmoja alitaka karatasi ya ukoo wa fahali aliyemnunua kwa jirani. Oliver alikuja pia, akavuta kiti, akaomba aonyeshwe Mlango ilivyounganishwa. Muhonja alimweleza kila kitu, bila kumwacha aulize swali lolote la kijinga.