Saa ya Silibwet

Karani wetu wa kituo cha majani chai hapa Boito huvaa saa tatu mkono mmoja. Za dukani hazimvutii. Yeye hununua kwa mafundi wadogo wanaojiundia zao na kuandika majina yao usoni. Kila asubuhi huzipangusa kwa shati akizisifu kama ng'ombe wa maziwa. Ile ya fundi wa Silibwet huchelewa dakika kumi, na amekataa katakata irekebishwe.

Mizani hufungwa saa kumi, na majani yakilala yameharibika. Jana saa kumi ilikuwa imeshapita jirani yangu Chepchirchir alipotokea mbio, kikapu kimejaa mgongoni.

"Karani, umefunga?"

Akapandisha mkono wa shati, akaziruka saa mbili, akasoma ya Silibwet.

"Bado dakika tatu, mama. Leta."