Bata wa Daraja la Kwanza

Nilitoka Tanga na begi moja na vyeti viwili, cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, nikafika Mesquite, Texas, siku ya tatu nikiwa na vyeti tu. Begi lilibaki Doha siku tisa zaidi, nadhani lilipapenda. Ilikuwa 2017, nami nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi Maputo, Durban na Lubumbashi, kila mahali miaka miwili mitatu, mpaka nianze kuota mihogo ya nyumbani na kugombana na watu wasio na kosa. Ndege ilinishusha Houston. Kutoka hapo nikapanda basi la kwenda Dallas, nikakaa dirishani nikisubiri Marekani ianze. Haikuanza. Kulikuwa na barabara, maduka ya matairi, na ng'ombe waliosimama kando kana kwamba nao wanasubiri basi.

Mwenyeji wangu, muuguzi niliyesoma naye sekondari, alinipa chumba na kuniombea kazi kwenye ghala la masinki na mabomba ya bafuni. Msimamizi wa zamu ya asubuhi alikuwa Mhindi wa Gujarati wa miaka hamsini na kitu, mwenye goti bovu na tumbo lililomtangulia kila alipoingia mlangoni. Siku ya kwanza alinipa mkono na kunieleza, kwa Kiingereza, kwamba yeye ni "first class".

Mtu aliyesoma Tanzania akisikia maneno hayo anaelewa jambo moja tu. Daraja la kwanza. Divisheni Wani. Kwetu matokeo ya kidato cha nne hayazeeki. Watu wenye wajukuu bado wanaulizana walipata ngapi. Mimi nilipata Foo, yaani ya nne, ile ambayo mtu huitaja huku akikohoa. Kwa hiyo nilimtazama yule bwana kwa heshima, nikamuuliza hesabu alipata ngapi. Alishangaa kidogo, kisha akasema themanini na nne kwa mia, na kwamba baba yake aligawa peremende mtaa mzima. Nikaridhika. Tangu siku hiyo, nikimsimulia mwenyeji wangu habari za kazini, nilimwita Divisheni Wani.

Wiki iliyofuata nikagundua kwamba anacheza kriketi. Marehemu baba yangu alikuwa akivuta roli la kusawazisha uwanja wa Wahindi kule Tanga, nami nikiwa mtoto nilijifunza kuandika alama, kwa sababu meza ya mwandishi ilikuwa na kivuli na sambusa. Hata leo nikinusa yale mafuta wanayopaka magongo ya kriketi, namwona baba akijifuta jasho kwa kofia. Nilipomwambia bosi, nusura anikumbatie. Nikawa mwandishi wa timu yake, kila Jumamosi, kwenye bustani moja ya Arlington.

Ilikuwa timu ya mabwana kumi na mmoja, wengi wao wataalamu wa kompyuta, na kila mmoja alikuwa amekaribia sana kuchezea India. Mmoja alizuiwa na mjomba wake, mwingine na homa ya matumbo, mwingine na ndoa. Ukiwasikiliza, utaona ajabu kwamba India ilipata watu wengine wa kucheza.

Bosi wangu pekee ndiye aliyewahi kuchezea jimbo lake, na hakuna aliyeachwa asahau. Wakati wa chai alianza. Mechi ya siku nne. Umande kwenye majani. Nguo nyeupe alizopigiwa pasi na mama yake. Anafunga kinga za miguu, anavaa glovu ya kushoto, anavaa ya kulia, anashuka ngazi, watu wanapiga makofi. Hapo alinyamaza, akanywa chai, akatazama mbali. Niliisikia hadithi hiyo miaka miwili, na haikupita glovu hata siku moja. Mimi, mwandika alama, sikuwahi kumuuliza alipata ngapi.

Pale Arlington mara nyingi hakupata kitu. Wanakriketi huita sufuri "bata", kwa Kiingereza chao, na sisi watoto wa Tanga tulitafsiri moja kwa moja: fulani kala bata. Baadaye, nyumbani, kula bata kukawa ndiko kustarehe, nyama na vinywaji. Basi kila Jumamosi nilimwona bosi wangu akirudi kwa kuchechemea, uso wa matanga, nami naandika yai la sufuri huku nikinong'ona, "Bosi kala bata." Siku moja aliniuliza nanong'ona nini. Nikamwambia ni dua ya kwetu. Akanishukuru.

Mwaka 2019 likatokea jambo lililomnyima usingizi. Shule ya kriketi ya watoto ilikuwa inafunguliwa Houston, ikitafuta mwalimu mkuu, na sharti lilikuwa awe amecheza "first class". Daktari alishamwambia kwamba sakafu ya zege ya ghala ikimpata miaka miwili mingine, goti litakwisha. Alinionyesha goti lenyewe, amevuta suruali juu pale kati ya masinki. Alisema hana kazi nyingine anayoijua, na akikosa hiyo atazeekea kwenye kiti pale mapokezi, akihesabu magari.

Fomu nilijaza mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Ndicho kitu pekee shule ilichonipa bila ubishi. Tulikaa chumba cha chakula, yeye akitaja, mimi nikiandika. Lori likaja, akaitwa, akaniambia nimalizie. Sehemu iliyobaki iliuliza wastani wake wa "first class". Sikuhitaji kumsumbua mtu. Nikaandika themanini na nne. Aliporudi alitia saini bila kusoma.

Wakamwita Houston. Nikaendesha gari mimi, goti lake halikuweza kazi hiyo. Mwenye shule alikuwa Mhindi mzee, na aliposikia natoka Tanga akageuza lugha papo hapo. Yeye alizaliwa Upanga. Kiswahili chake kilikuwa cha Dar ya zamani, "rafiki yangu" kila baada ya maneno matatu. Tulicheka, tukaulizana mitaa. Kisha akafungua fomu, akavua miwani, akaivaa tena.

Alimwambia bosi wangu, kwa Kiingereza na kwa upole, kwamba mtu mwenye wastani huo wa alama kila anapopiga angekuwa na sanamu yake India, asingekuwa anapanga masinki Mesquite. Akageuza kompyuta ili wote tuone. Rekodi ilikuwa mstari mmoja mfupi: mechi moja, zamu moja ya kupiga, sufuri.

Bosi aliangalia ile sufuri kama mtu aliyekutana na mdai wake sokoni. Angeweza kuninyooshea kidole. Hakufanya hivyo. Alisema sufuri hiyo ni yake, ila themanini na nne haijui. Mzee akafunga fomu. Alisema watoto wa watu hawezi kumpa mwongo.

"Mzee," nikasema, "hiyo themanini na nne nimeandika mimi. Ni ya hesabu."

"Hesabu gani?"

"Za shuleni. 'First class' si ndiyo Divisheni Wani?"

Mzee akavua miwani tena.

"Wewe ulipata divisheni ngapi, rafiki yangu?"

"Foo."

"Inaonekana."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Ndipo aliponieleza nilichopaswa kukijua tangu 2017: kwamba hilo ni daraja la mechi, zile kubwa za siku nyingi, na aliyecheza hata moja ni wa daraja la kwanza mpaka anakufa, hata kama alipata sufuri.

"Kumbe alikula bata wa daraja la kwanza," nikasema, na mzee akaanza upya.

Bosi alikaa katikati yetu haelewi neno, akidhani tunamzika. Mzee alipomgeukia, alimpa sharti moja. Watoto wote wa shule yake hupata sufuri na kulia ndani ya magari ya baba zao. Anataka mwalimu atakayewaambia siku ya kwanza kwamba naye alipata sufuri. Akiweza kulisema hilo, kazi ni yake. Bosi akasema atafikiria.

Tulikwenda saa mbili nzima, yeye akikanda goti. Karibu na Corsicana akafungua mdomo. Nahodha, aliyekuwa akipiga upande wa pili, alimwita akimbie, kisha akamrudisha. Akateleza, vijiti vikaangushwa kabla hajarudi, akahesabiwa ametoka. Hakupata kurushiwa mpira hata mmoja. Hawakumwita tena.

"Hata mke wangu anajua mpaka glovu tu," alisema.

Taa za kwanza za Dallas zilipoonekana akasema, "Nitawaambia."

Akahamia Houston. Ghala likapata msimamizi asiyejua kriketi wala hesabu, timu ikavunjika, nami nikaanza kuota mihogo. Mwanzoni mwa 2020 nikakata tiketi ya kurudi moja kwa moja, na kwa kuwa ndege ilikuwa inaondokea Houston, nikapita shuleni kuaga.

Nilimkuta mbele ya watoto kama thelathini waliokaa nyasini. Nilisimama nyuma ya wavu. Aliwaambia kweli kwamba alipata sufuri. Lakini ilikuwa sufuri iliyonenepa. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya mapaa. Yeye alikuwa na homa kali. Nahodha alikuwa na wivu. Kisha akanyamaza, akatazama mbali kama zamani.

"Katika kriketi ya daraja la kwanza," alisema, "hakuna mrushaji aliyewahi kunitoa."

Nikapiga hesabu kichwani kama mwandika alama. Ilikuwa kweli tupu.

Mzee ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege, akilalamika njia nzima kwamba mwalimu wake anamaliza muda wa mazoezi kwa hadithi, na wazazi wanazidi kuleta watoto. Akinishushia begi, akaniuliza kule Tanga nitasema nilikuwa nafanya nini miaka yote hii.

Nikamwambia bado sijajua. Nilikuwa na zaidi ya saa ishirini angani za kulifikiria.