Wimbo Uliowachosha Ng'ombe wa Mzee Karemera

Mwanangu, ile Jumamosi ambayo ng'ombe wa Mzee Karemera walikataa kumsikia naikumbuka kwa miguu kuliko kwa kichwa. Nikiisimulia nimekaa, miguu huanza kutikisika yenyewe chini ya meza, kana kwamba inataka kukimbia tena. Mke wangu hunitazama akasema, "Umeanza kuwaza rweya." Ni kweli. Rweya ni ile mbuga yetu ya wazi, isiyo na mgomba wala mkahawa, inayoanza pale vibanja vya kijiji chetu cha Kamuli vinapokoma na kuendelea hadi macho yachoke. Basi nivumilie nikisimama-simama katikati ya maneno.

Umeniuliza nyimbo za bendi yetu zilitoka wapi. Unataka kuunda bendi ya Injili. Gita unalo, kompyuta ya kurekodia unayo, na marafiki wenye nywele ambazo nimeamua kutozisemea unao. Kitu unachokosa, umesema, ni chimbuko. Neno zuri. Mimi nililiokota chuo kikuu, nikaandika insha ndefu juu ya chimbuko la nyimbo za vijana wa makanisani, mwalimu akaisifu, na ndani yake hamkuwa na ng'ombe hata mmoja. Leo nakupa iliyo na ng'ombe.

Ilikuwa miaka ya themanini. Vita vimekwisha, sabuni haipatikani, sukari tunaiona harusini. Kyerwa ilikuwa bado haijawa wilaya, sote tulikuwa Karagwe. Vijana wa kanisa letu tulikuwa na ugonjwa wa kutotulia. Nchi nzima ilituambia tusubiri: tusubiri sabuni, tusubiri majibu ya mtihani, tusubiri msimu wa kahawa. Lakini kwenye redio ya rafiki yangu Inosenti, hewa ikiwa safi, tulipata stesheni za mbali zinazopiga magita yanayolia kama kitu kinachopasuka, na magita hayo hayakumsubiri mtu.

Tukasikia kwamba muziki ule unaitwa roki. Mimi, msomi wa kikundi, nikafungua kamusi, nikawatangazia wenzangu kwamba roki maana yake ni mwamba. Basi! Mtu yeyote aliyepita shule ya Jumapili anajua mwenye akili alijenga nyumba yake juu ya nini. Tukamwendea mwinjilisti wetu tukamweleza kwamba Wazungu wameupa muziki huo jina la mwamba wa imani, naye, mtu mwema asiye na kamusi, akatukubalia. Hivyo ndivyo bendi ya Mwamba ilivyozaliwa: kwa kosa la tafsiri.

Inosenti alipiga gita la umeme aliloliacha mmisionari mmoja aliyerudi kwao. Umeme tuliupata kwenye betri ya gari, tukiichajisha kwenye mashine ya kukobolea kahawa, na sauti ilitokea kwenye spika la kanisa, lile lenye mdomo mpana kama tarumbeta. Adventina, binti wa mkulima wa jirani, aliimba. Mimi nilipewa ngoma kwa sababu sikuweza kuimba, na hata hivyo watu walilalamika.

Nyimbo zetu za kwanza zilikuwa mbovu, mwanangu. Zilikuwa zimejaa dhoruba za baharini na mawimbi yanayopiga chombo. Kati yetu hakuna aliyewahi kuiona bahari. Inosenti alikuwa akizunguka kanisani na gita begani kama mtu aliyepoteza ufunguo. "Kuna kitu hakipo," alikuwa akisema. "Kuna kitu hakipo, na sijui ni kitu gani."

Kitu chenyewe kilikuwa nyumbani kwao. Baba yake, Mzee Karemera, alikuwa mfugaji, aliyekuja kutoka Rwanda akiwa kijana na ng'ombe wachache, akapewa nafasi pembeni ya rweya. Kila siku jua likianza kulegea alishuka bondeni penye kisima, akachota maji, akajaza birika la udongo la kunyweshea ng'ombe, akatia chumvi. Alipomaliza, na si kabla ya hapo, alisimama, akaweka kiganja shavuni, akaita: "Mwiiije!"

Njooni, basi. Neno la kawaida la nyumbani, watoto huitwa kwa neno hilohilo wakale. Lakini yeye alilivuta, likapanda, likakaa juu likitetemeka, kisha likaanguka ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo. Huko mbali Bihogo, ng'ombe jike mwekundu aliyeongoza kundi, aliinua kichwa na kuanza kutembea, na wengine wote nyuma yake.

Siku moja mazoezini, kwa hasira tu, Inosenti aliupiga mwito ule kwenye gita. Spika likatetemeka. Adventina akainuka.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa mzee. Si ndivyo anavyoita ng'ombe?"

"Leo tunaita wenye dhambi," Adventina akasema. "Tofauti ni mkia tu." Akaiimba. "Mwiiije!"

Tukaupiga tena na tena, tukiogopa kwamba tukiacha utatoroka. Mwinjilisti alisema ni Roho, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsahihisha.

Mlango wa kanisa ulitazama rweya, na spika lilitazama mlango. Siku hiyo hiyo tulisikia kwato. Mwinjilisti alitoka kwenye chumba chake akakutana na Bihogo ana kwa ana ngazini.

"Huyu amebatizwa?" akauliza.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ng'ombe walisimama pale, wakanusa ukuta, wakatutazama, wakangoja. Kisha wakarudi malishoni. Kesho yake tukaimba, wakaja tena, tena wakarudi. Tukawa tunawaonyesha wageni: njoo uone bendi inayookoa mpaka ng'ombe! Baada ya muda wakawa wanakuja nusu yao. Halafu ndama tu, kwa utundu. Halafu hakuna. Nasi tukafurahi kwamba sasa tunaweza kufanya mazoezi bila kunuswa.

Mzee Karemera alikuja mara moja. Alisimama mlangoni na fimbo yake, kofia mkononi kwa heshima ya kanisa.

"Shikamoo, tata," tukasema sote, kama kwetu anavyoitwa baba.

"Marahaba, wanangu. Nauliza. Mkishaita, mnawapa nini?"

"Tunaita watu, tata, si ng'ombe," Adventina akajibu.

"Eeh. Na watu mnawapa nini?"

Inosenti akasema, "Wimbo, mzee. Tunawapa wimbo." Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akavaa kofia, akaondoka. Sisi tukarudi kwenye wimbo. Tulikuwa na haraka, kwa maana tulikuwa tumealikwa kwenye mkutano mkubwa wa Injili kule Nyakatuntu, na tulijua kwamba baada ya Nyakatuntu hatutakuwa tena vijana wa kusubiri-subiri.

Mkutano ulikuwa Jumapili. Jumamosi, katika kiangazi kikavu kabisa, mtu alichoma nyasi upande wa pili wa rweya ili majani mapya yaote, kama watu wanavyofanya, na upepo ukageuka. Tulinusa moshi tukiwa mazoezini. Kisha tukamsikia Mzee Karemera.

Alikuwa bondeni, kwenye ardhi ya majimaji ambako moto usingefika. Ng'ombe walikuwa mteremkoni, na moto ulikuwa nyuma yao ukishuka kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Aliita. Sijawahi kusikia neno likiitwa namna ile. Na ng'ombe waliendelea kula.

Aliita tena. Bihogo akainua kichwa. Akatazama bondeni alikokuwa mzee, akageuka akatazama kanisani tulikokuwa sisi, kisha akarudisha kichwa kwenye majani. Mwanangu, nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kukataliwa na binti mbele ya shangazi zake, lakini hakuna aliyewahi kunitazama vile.

Inosenti alikimbia gita likiwa bado shingoni. Waya ukakatika, spika likaanguka. Tulimfuata, Adventina ameshika sketi yake kwa mikono miwili, mimi na fimbo za ngoma, ambazo angalau siku ile zilipata kazi. Tuliwapiga ng'ombe kwa matawi, kwa mashati, kwa makelele, tukiwasukuma kuteremka huku moshi ukitufunga koo. Wakubwa walifika bondeni. Ndama wa Bihogo hakufika. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko yeye, na hatukumwona tena.

Bihogo alisimama ukingoni mwa majivu akilia. Mzee Karemera alikuwa amekaa chini karibu na birika. Sauti ilikuwa imemkauka, ikabidi tuiname ili tumsikie.

"Mimi hawa sijawahi kuwadanganya," alisema. "Mwaka wa ukame kisima kilikauka. Sikuita. Niliwafuata kwa miguu yangu mmoja mmoja, kwa sababu ningewaita niwape nini? Kuita ni kuahidi. Ninyi mmeahidi kila siku, kwa sauti yangu, na kwa lile tarumbeta lenu."

"Kesho tunakwenda Nyakatuntu, tata," Inosenti akasema, na nadhani hakujua anachosema.

"Kuita watu."

"Ndiyo, tata."

"Maji yenu yako wapi?"

Hakutugombeza zaidi ya hapo. Ningependa angetugombeza. Mtu akikupigia kelele unapata pa kushika. Yeye alitazama tu mteremkoni, akifungua na kufunga mdomo, kama anayepima kama sauti yake bado imo.

Jumapili asubuhi mwinjilisti alikuja na gari la mkopo wa siku moja, limejaa vijana na matawi. Alitukuta kisimani. Adventina alikuwa na ndoo kichwani.

"Watu wanangoja!" mwinjilisti akasema. "Nyakatuntu nzima! Adventina, binti yangu, panda gari."

"Shikamoo, mwinjilisti. Hatuendi."

"Kwa nini?"

"Tukishawaita tutawapa nini?"

"Neno la Mungu!"

"Neno utawapa wewe, mwinjilisti, wewe unalo. Sisi tuna kelele tu." Akamimina ndoo kwenye birika, akarudi kisimani. Moyo wangu, nakwambia kweli, ulipanda kwenye lile gari ukaondoka nalo. Mwili ulibaki na ndoo.

Mzee alituelekeza kwa ishara, maana sauti hakuwa nayo. Jaza birika. Tia chumvi. Kisha ita. Adventina aliita kwa mdomo mtupu, bila spika. Hawakuja. Tukapanda mteremko, tukawaleta kwa fimbo, wakakuta maji, wakanywa bila shukrani. Kesho vivyo hivyo. Na kesho yake. Hujui kusubiri ni nini mpaka umesimama kando ya maji uliyoyabeba mwenyewe, umeita, na mgongo wa ng'ombe haujageuka. Nilikuwa nazunguka birika kama mbwa. Niliuliza, "Hawa wanahitaji muda gani kusamehe?" Mzee akanong'ona, "Hawasamehe. Wanangoja waone."

Ikaja siku ambayo Adventina aliita, na Bihogo akainua kichwa. Alisimama hivyo muda mrefu, kisha akateremka, polepole sana, akisimama kila baada ya muda. Alifika, akatia mdomo majini. Mzee Karemera aliweka kiganja kwenye shingo yake. Inosenti alianza kulia, na mimi nikajifanya nimeona kitu cha muhimu upande wa migomba.

Nyakatuntu tulifika baadaye, mkutano mwingine, mdogo. Adventina alikataa kuimba "Mwije" mpaka mitungi ya maji ijazwe na kuwekwa mbele ya watu. Watu walicheka, wakaona ni vituko vya vijana. Kisha wimbo ukapigwa, jua kali, wakaja, wakanywa. Wazee wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Nikaelewa, nikiwa nyuma ya ngoma zangu, kwamba hatukuwa tumewahi kuuimba ule wimbo kabla ya siku ile.

Nyimbo zetu zote zilizofuata zilitoka hivyo. Hatukuziwinda tena kwenye redio. Ukiombwa kusaidia kuchuma kahawa ya mjane, unachuma, na ukirudi nyumbani unakuta mikono ina mdundo wake. Inosenti alivuka mpaka na baba yake miaka ya tisini, wakirudi nchi ambayo mzee aliiacha akiwa kijana, na mimi nikaenda chuo kikuu, ambako niliita wanafunzi darasani miaka mingi. Mara nyingine nilikuwa na maji. Mara nyingine nilikuwa na insha.

Basi, mwanangu, chimbuko usilitafute kwenye gita. Kabla hujawaambia watu njooni, jiulize umewabebea nini, na ubebe kwanza, hata kama gari linapiga honi na Nyakatuntu nzima inangoja. Ukiazima sauti ya mtu, azima na kazi yake. Na ukiona waliokuwa wakikuitikia wameacha kuinua vichwa, usiongeze spika. Chukua ndoo.

Mungu akupe koo lisilokauka na mabega yasiyochoka. Akunyime umati mpaka uwe na cha kuunywesha. Na siku utakayoita, Bihogo wako ainue kichwa, aje.