Pazia la Gari la Viti Viwili

Enzi zetu gari likiharibika halikupelekwa kwa mtu mwenye kompyuta. Lilitengenezwa uani, kati ya zizi la ndama na jiko, na aliyekuwa anasonga ugali alijua kama plagi zimesafishwa au bado. Nawaambia haya ninyi wa rika langu, maana watoto wangu nikiwasimulia kwamba pale Natta, katika vumbi lote lile, tulikuwa na gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa, wanatazamana na kucheka pembeni. Wacheke tu. Gari lenyewe lipo hadi leo, na mwezi uliopita limenikalisha kizingitini nikalia mtu mzima na akili zangu.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari kwenye kambi moja ya watalii. Mzungu aliyeijenga kambi hiyo alipohama nchi aliliacha gari lake dogo la kijani chini ya mgunga, limekufa, kuku wanatagia ndani. Akamwambia baba, ukiliwasha ni lako. Baba akalivuta kwa ng'ombe wa kulimia mpaka nyumbani, na majirani waliokuja kulitazama wakampa pole kana kwamba amefiwa. Lilikuwa limelala chini kiasi kwamba mbuzi akisimama kando yake walitazamana usoni. Watoto wa shule wakalipa jina la Mjusi, na jina likashika.

Nakumbuka Jumamosi zile kwa pua kuliko kwa macho: petroli, samadi mbichi, na moshi wa kibuyu cha maziwa kinachofukizwa. Baba anavua shati, anatandika gunia, anaingia chini. Mjusi hakuumbwa kwa barabara zetu, kila jiwe lilimkwangua tumbo, kwa hiyo baba aliongeza jani la springi nyuma, na mbele akachonga vipande vya tairi la trekta akaviweka juu ya springi. Spoki za magurudumu alizigonga moja moja kama za baiskeli. Dainamo ilipochoka akafunga ya pikapu. Pampu ya mafuta ilikuwa na tabia ya kununa, na dawa yake ilikuwa kuigonga kwa mchi mdogo wa kutwangia karanga, ambao mama aliutafuta jikoni siku nyingi kabla hajagundua umehamia kwenye gari. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kusukuma. Tulisukuma kabla ya shule, tukasukuma na nguo za kanisani, na lilipowaka tulikimbia nyuma yake kumeza moshi kwa furaha. Leo mtoto umtume chumvi dukani, anaomba bodaboda.

Kilichomshinda baba kilikuwa kabureta. Mjusi alikuwa nazo mbili, na ilibidi zivute hewa sawasawa, la sivyo injini inakohoa. Namna ya kuzipima ni kutia mpira mwembamba sikioni, ncha ya pili ukaiweka kwenye mdomo wa kabureta, ukasikiliza. Baba sikio lake moja lilikuwa limeharibiwa na kelele za jenereta. Siku moja kwa hasira akamwita mama, aliyekuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa pale pale uani. Mama akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili, akasema ile ya kulia inapumua kuliko mwenzake. Baba akageuza skrubu kidogo, injini ikatulia. Mtu aliyezoea kujua kwa sauti tu kwamba siagi imeiva ndani ya kibuyu, hewa ya kabureta ingemshinda nini? Tangu siku hiyo hakuna kabureta iliyorekebishwa bila mama.

Lakini sifa zikamponza. Aliona ngozi ya viti imepasuka kwa jua, akaona ngozi ni ngozi, akaipaka samli vizuri kama alivyopaka ngozi ya kulalia ya bibi mzaa baba. Gari halina paa, na pori liko pale pale. Asubuhi tulikuta fisi amekula kiti cha abiria chote na kuonja kile cha dereva. Baba alizunguka gari, akakaa juu ya jeki, akasema neno moja ambalo nyumba nzima ililisikia.

"Mama Gati, kuanzia leo gari hili utalisikiliza tu. Hutaligusa."

Viti akavishona upya kwa ngozi ya fahali wetu mwekundu, na manyoya yake yote. Ukikaa na kaptura yanakuchoma mapaja. Mama hakugusa tena hata mlango. Akiletewa mpira wa kusikiliza aliinama, mikono ameifunga mgongoni.

Sasa, mama yangu ni Mkurya wa Nyamwaga, na mama yake, bibi Gati niliyepewa jina lake, aliishi huko katikati ya migomba yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemla macho. Moja lilikuwa limekwisha kabisa, la pili liliona mwanga tu. Ikaja habari kwamba madaktari wa macho wamefika hospitali ya Mugumu, watakaa wiki ile na kuondoka, na hakuna ajuaye watarudi lini. Mama alilia nikamwona. Alisema mama yake atakufa bila kuniona sura mimi mwenye jina lake. Tatizo ni kwamba bibi alishawahi kuanguka kutoka kwenye lori la mnada akaumia nyonga, na alikuwa ameapa hatapanda tena gari. Kupanda, hapana. Ndipo mjomba akamweleza kwamba mkwe wake ana gari ambalo hulipandi, unalishukia, ni kama kukaa kwenye kigoda. Bibi akafikiri siku nzima, akasema hilo atakwenda nalo.

Furaha yetu ilidumu mpaka chakula cha jioni. Viti ni viwili, dereva ni baba. Vijana wa sasa sijui niwaeleze vipi jambo hili, wanaopiga picha wamemkumbatia mama mkwe shingoni. Kwetu mkwe na mama mkwe wake hawakaribiani. Miaka yote ile baba hakuwahi kutazamana na bibi. Akienda Nyamwaga alifikia kwa mjomba, na bibi alibadilisha njia ya kisimani. Kukaa naye bega kwa bega kwenye gari dogo kama lile, kiwiko kwa kiwiko, ilikuwa bora asione kabisa. Jirani mmoja akasema kwani shida iko wapi, bibi mwenyewe si haoni? Mama alimtazama jirani yule mpaka akaaga.

Baba hakulala kwenye tatizo. Alikata bomba la fremu ya baiskeli, akalifunga kwa bolti kutoka nyuma ya viti hadi kwenye fremu ya kioo cha mbele, katikati kabisa, akaning'iniza kanga. Upepo ukaipeperusha ikamfunika uso. Akaishusha, akaishonea nati nzito kwenye pindo lote la chini, ikatulia kama ukuta. Alijivunia pazia lile kuliko injini. Ujumbe ukapelekwa Nyamwaga kwamba chumba cha mama mkwe kiko tayari. Jibu likarudi na dereva wa lori, neno kwa neno, kwa adabu zote.

"Mwambieni mkwe wangu pazia ni zuri, nimeambiwa. Lakini nitasikia anavyopumua."

Baba alikaa uani muda mrefu na ile kanga mapajani. Gari lile hakuwahi kumpa mtu, hata tajiri wake wa kambini alipoomba aliendeshe hadi getini tu. Na zile siku za madaktari zilikuwa zinakwenda. Mwishowe akainuka, akatoa funguo mfukoni.

"Mama Gati," akasema, "njoo uliguse."

Alimfundisha kwenye uwanja wa mnada, siku isiyo ya mnada. Leseni? Msiniulize habari za leseni. Baba alikaa kiti cha abiria kwa mara ya kwanza maishani mwake, ameng'ang'ania manyoya ya fahali, na injini ikazimika, ikazimika tena, kundi la watoto tukishangilia kila inapozimika. Gia zilikwaruza mpaka baba akafumba macho. Kisha akamwambia aache kuangalia chini, asikilize, gari litamwambia lenyewe linapotaka gia nyingine. Hapo mambo yakabadilika. Mama aliinamisha kichwa upande kidogo, kama na kibuyu chake, akakanyaga klachi, na gia ikaingia kimya. Kesho yake alizunguka uwanja akiimba pambio la kanisani.

Tulikwenda Nyamwaga mimi nimekunjwa kwenye kinafasi nyuma ya viti, penye mizigo. Baba aliendesha mpaka mwanzo wa migomba, akazima, akashuka, akampa mama usukani. Yeye akasimama pembeni, ameipa njia mgongo. Bibi aliletwa ameshikwa mkono, akapapasa mlango, akajishusha kitini, akapapasa manyoya na kuuliza huyu ni ng'ombe wa nani. Tulipompita baba, niligeuka. Hakutazama, lakini kichwa chake alikuwa amekiinamisha upande, anausikiliza mngurumo mpaka tukapotea.

Baada ya daraja la Mto Mara, kwenye mwinuko, Mjusi akanuna. Kimya. Mimi nikaanza kulia, bibi akaanza kuomba. Mama akashuka bila haraka, akachukua mchi, akaingiza mkono chini, akagonga pampu mpaka ikaanza tena kulia tik-tik. Akawasha, tukaondoka. Bibi aliuliza nani kamfundisha mambo hayo. Mama akajibu, baba Gati. Bibi akasema "mmh", na nawaambieni katika kinywa cha bibi yangu "mmh" ile ilikuwa hotuba.

Walimfanyia upasuaji kwenye lile jicho lililobaki. Bendeji ilipotolewa alinitazama mimi kwanza, akanishika pua akasema hii ni yake. Njiani kurudi hakutazama mto wala milima, alimtazama mwanaye anavyoendesha, hadi mama akaona haya. Tulipofika kwenye migomba baba alikuwa pale pale, mgongo kwa njia, amekuja kulipokea gari lake. Bibi alishuka, akasimama kidogo. Alikuwa na jicho zima sasa, akalitumia kuutazama mgongo ule mpaka akatosheka, kisha akashika njia nyingine kwenda kwake. Hawakuwahi kutazamana hadi bibi anazikwa.

Baba naye ametangulia. Mjusi alikaa chini ya turubai mpaka mume wangu, Mwita, alipomchokoza. Mwita ni fundi umeme mgodini, na ufundi wa magari anausoma kwenye simu. Ameweka breki za diski, feni ya umeme, taa za kisasa, na redio ambayo watoto wanaiunganisha na simu zao. Tumefanya yote hayo pale pale uani, na nakiri amefanya vizuri. Akataka kulikata lile bomba la katikati, akisema linaharibu sura ya gari. Mama akaniambia nimwambie aliache. Wao huongea kupitia kwangu. Tangu tuoane, mama hajawahi kuingia gari moja na Mwita. Tuna gari la viti vitano, lakini magoti yake hayapandi tena, na hata yangepanda asingepanda.

Mwezi uliopita alikuwa na kliniki ya presha Mugumu. Mimi nilikuwa na mguu kwenye plasta, na yeye mwenyewe macho yameanza kumsaliti, hawezi usukani. Nikawa nakuna kichwa. Mama akaingia chumbani, nikasikia vitu vinagongana, kengkeng, akatoka na furushi. Kanga ya baba, imefifia rangi, nati zote ziko kwenye pindo. Kumbe alikuwa ameitunza miaka yote. Akaining'iniza mwenyewe kwenye bomba, akaivuta ikanyooka, akajishusha kwenye kiti chake. Watoto wakatoa simu wapige picha, nikawafukuza. Mwita akaja, akaona, akakusanya heshima zake zote usoni, akaingia upande wake. Wakaondoka, ukuta wa kanga kati yao.

Waliporudi nilimuuliza Mwita safari ilikuwaje. Akasema kimya kitupu, mpaka kwenye kilima kabla ya mji, ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa pazia, ya kwanza kumwelekea yeye moja kwa moja tangu anioe.

"Baba, hii ya kulia inapumua kuliko mwenzake."

Akasimamisha gari, akatafuta mpira, akasikiliza. Ni kweli. Simu yake haikuwa imemwambia.

Ndipo nikakaa kizingitini nikalia. Nilimlilia baba, na bomba lake la baiskeli ambalo sote tulilicheka. Siku hizi watu wanakaa watano ndani ya gari moja, vioo juu, kila mmoja na simu yake, wanafika bila kujua walikuwa wamekaa na nani. Hawa wangu wawili wametengwa na nguo, na wamesikilizana. Nikamwambia Mwita alishushe pazia lisichakae kwa jua. Mama alinisikia kutoka jikoni.

"Mwambie aliache hapo hapo," akasema. "Jumatano tunarudi kliniki."