Hasira za Mshonaji

Mshonaji wa ghorofa ya chini, hapa kwetu Sfax, Tunisia, alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alipoanza kutundikiwa dripu za saratani, alipewa pia vidonge vya kuzuia kutapika, avimeze asubuhi baada ya kula. Kweli hakutapika, ila vilimnyima usingizi, vikamvimbisha uso, vikamtia njaa ya kumaliza mkate mzima kwa mafuta ya zeituni akiwa wima jikoni. Zaidi ya yote vilimpa hasira. Akitunga uzi kwenye sindano, uzi ukikataa, humfokea mumewe Lamjed mpaka tunasikia ngazini. Kisha hulia.

"Nisamehe, baba Wided. Si mimi, ni vile vidonge."

"Nimezoea," Lamjed humjibu, akiokota pini sakafuni. "Afadhali vidonge kuliko mama yako."

Hapo hucheka wote wawili.

Juzi nilimpelekea supu ya shayiri isiyo na chumvi, kama daktari alivyoagiza. Nikamkuta amerusha mkasi ukutani kwa sababu Lamjed alichelewa kufungua dirisha. Lamjed akauokota, akamshika bega.

"Ni vidonge tu hivyo, mama Wided. Vitakwisha."

"Vilikwisha Jumapili," akasema. "Daktari amesimamisha kila kitu, hata dripu. Hazisaidii tena. Nilishindwa kukuambia." Akaufunika ule uso wake wa mviringo kwa viganja. "Huyu ni mimi, Lamjed. Naogopa."

Lamjed akabaki na mkasi mkononi, asijue pa kuuweka.