Pembe Nne za Picha

Mpiga picha wa mtaa wetu wa Kamalondo hanunui kamera kwa kusikia sifa zake. Sumaili, mchuuzi, alimletea moja ya Kijerumani, ya lenzi isiyotoka, aliyoipata kwa Mzungu wa mgodini aliyekuwa akifunga mizigo. Mpiga picha aliipuliza kwanza, kama anavyopuliza kila kitu, hata kiti kabla ya kukikalia. Akatundika ukutani kitenge cha Chama tawala chenye nembo yake, mienge midogo midogo hadi pembeni, akakipiga picha, akaingia chumba cha giza, akatoka na filamu inayodondosha maji. Ilipokauka aliiinamia na kioo chake cha kukuzia, akipitia pembe nne moja moja kwa ukucha uliogeuka kahawia kwa dawa. Katikati hakupatazama kabisa.

"Lakini mukati-kati iko muzuri sana, papa!" Sumaili akalalamika.

"Mukati-kati, hata kitako ya chupa inaona."

Hapo akaingia Mama Albertine, kitambaa cheusi kichwani, mkononi picha ya ndoa ya shemeji yake, iliyopigwa hapohapo kwa kamera ya zamani ya mpiga picha huyuhuyu.

"Papa, unikuzishie sura ya bwana yangu. Sina ingine."

Marehemu alikuwa amesimama mwisho kabisa wa mstari, kwenye pembe ya picha, wanakosimama watu wenye haya. Uso wake ulikuwa kama moshi.

Mpiga picha aliishika ile picha kwa muda mrefu. Kisha akaipuliza, polepole, kana kwamba ni vumbi tu.