Alirudi kwa Miguu

Mimi sipendi kutembea. Nasema mapema, mtu asije akadhani naandika haya kwa mapenzi ya milima na hewa safi. Nauza njugu na mahindi sokoni Rongo, nakaa juu ya kigoda changu kutwa, na gunia likitakiwa kuhamishwa naita mwenye mgongo wake. Wa kutembea kwetu alikuwa kaka yangu.

Kwetu ni Lambwe, pale nyasi zinapoishia chini ya milima ya Gwasi. Nyuma ya boma letu inaanzia njia ya miguu. Kwanza inakata mbuga, nyasi za kufika kifuani na mbung'o wanaouma hata juu ya sweta. Kisha inapanda msituni, kwenye baridi na ukungu, ambako mizizi imelala njiani ikingoja vidole vya watu. Halafu mlima unakatika ghafla, ziwa lote liko chini yako, na unateremka juu ya mawe hadi ufuoni wanakoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Bibi zetu walipita hapo na vikapu vya samaki kichwani. Barabara ilipokuja njia ikaanza kufa, mpaka kaka yangu alipoifufua.

Alifyeka, akatoa mawe, na wageni wakaanza kuja. Walitoka Nairobi na ng'ambo, na viatu vizito na fimbo mbili mbili, wazima lakini wanajikongoja, naye akawatoa kwenye nyasi mpaka majini. Mama alikuwa akiwatazama wakipita nyuma ya jikoni na kushika mbavu kwa kicheko.

"Watu wazima na akili zao," alisema, "wanasafiri kutoka mbali kote huko waje kuchoka Lambwe!"

Kaka alikuwa mrefu, mrefu wa kuchekesha. Lango letu lina mti uliolazwa juu, na kila akiingia bila kufikiri aligonga paji la uso. Mama akiwa jikoni, akisikia tu hatua zake, alipiga kelele: "Inama!" Mara nyingi alikuwa amechelewa, na sisi wengine tulicheka kabla hata ya kusikia ko!

Penye njia panda, kaka alitumia ishara ya wazee. Alivunja tawi lenye majani akalilaza kukatisha ile njia isiyo yake. Kwetu kila mtu anaijua maana yake: huku usipite. Mgeni mmoja alimshauri apake mawe rangi, akakataa. Rangi inakaa hata ikishakuwa uongo, alisema, lakini tawi likikauka unajua kwamba hiyo ni habari ya zamani. Alikuwa na maneno kama hayo, na alijipenda kwa sababu yake, wacha nisimpambe.

Siku aliyotuacha alikuwa amewafikisha wageni wake ufuoni salama. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, mteremko wote matope, akaona badala ya kurudi mlimani apande mashua mpaka Mbita, kutoka hapo ashike barabara. Upepo uliipindua mashua. Wenzake walishika mbao wakaokolewa. Yeye hakujua kuogelea hata kwenye beseni. Wavuvi walizunguka na nyavu zao mpaka wakachoka, na ziwa halikumtoa. Siku moja tu katika maisha yake aliamua asitembee! Hadi leo nikiwaza hilo nasikia hasira, natamani nimshike shati nimgombeze.

Mama hakulia. Hilo ndilo lililotutisha. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na huyu mfiwa alikuwa amefunga mdomo, sasa majirani wangeanzia wapi? Walikuja, wakakaa, wakanywa chai, wakaaga kwa minong'ono. Watu walipopungua Mama alichukua panga akatoka nyuma ya boma. Nilimfuata. Nilimkuta ameinama anafyeka njia.

"Mama, unafanya nini?"

"Akija akute pamefungwa?"

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Kila masika yakiisha simu yangu ililia, Mama akasema nyasi zimepanda, nami nikafunga kibanda nikaenda nikinung'unika njia nzima. Tulianza Jumapili, kwa sababu Jumamosi ndiyo Sabato yake, na siku hiyo Mama hashiki hata kijiko kisichohitajika. Alitangulia na panga, mimi nyuma na fyekeo, nikilalamika juu ya mbung'o, juu ya jua, juu ya viatu. Penye njia panda aliondoa tawi lililokauka akalaza bichi. Tukifika pale ziwa linapoonekana alisimama kidogo, halafu akageuka. Hakuteremka kamwe. Nilimwambia kwa ukali mara nyingi kwamba kaka hatarudi. Alinijibu kwamba mimi nimezoea soko, kila kitu nataka kikamilike jioni.

Sasa, kwetu mtu akifa na mwili usionekane, haachwi hivi hivi. Linachukuliwa tunda la yago, ule mti ambao Kiswahili huuita mwegea, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia. Tunda linavishwa kama maiti, linalazwa kaburini mahali pa mtu, na anazikwa, kweli anazikwa. Bila hivyo hana pa kulala, na waliobaki hawalali pia. Kanisani walisema hayo ni mambo ya gizani. Mama aliwasikiliza kwa heshima, akasema wao wana maiti zao zote makaburini, hawawezi kujua. Lakini yago pia hakutaka. Kuzika tunda ni kukubali, na Mama hakuwa amekubali.

Tungemwacha na msimamo wake kama si magoti. Mwaka baada ya mwaka yalivimba, na juzi juzi hapa, bila kuniita, alikwenda peke yake akaanguka msituni. Wanawake wa kuni walimkuta ameketi kwenye mizizi, mguu umeteguka, panga mapajani, midomo imekauka. Walimbeba kwa zamu mpaka nyumbani. Nilipofika nilimkuta kitandani anauliza kama kuna aliyemalizia kile kipande cha juu. Nilitoka nje nikalia kwa hasira na huruma pamoja. Njia ile ilikuwa imeshamchukua mmoja, na sasa ilikuwa inammaliza wa pili.

Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yetu, akasema basi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alisema, lakini uchungu huu sasa unamzika mzazi mwenyewe. Mguu wa Mama ulipopona aliita jamaa, kaburi likachimbwa kando ya simba ya kaka, kile kibanda cha kijana ambaye hajaoa, turubai likafungwa, sufuria zikatoka. Mama alitazama yote bila kusema ndiyo wala hapana, tukadhani ukimya huo ni kukubali. Na Baba mdogo, kwa kutaka mambo yaende haraka, akamtuma mwenye bodaboda kuleta yago kutoka kwenye mti ulio karibu na barabara.

Ilikuja ikiwa imefungwa nyuma ya kiti kwa mpira. Pikipiki ikasimama katikati ya boma, moshi ukatanda, wanawake wakavuta pumzi kuanza kulia. Mama akainua mkono.

"Huyu ni nani mmeniletea?"

"Shemeji," Baba mdogo alisema taratibu, "ni mwanao."

Mama akasogea. Aliipima ile yago kwa macho, juu mpaka chini. "Mwanangu ni mrefu. Na mwanangu ni mtu wa miguu. Maji yalimchukua siku aliyopanda chombo, na nyinyi mnamleta juu ya chombo kingine, amefungwa kwa mpira kama gunia la makaa? Ala!"

Watu walianza kunung'unika. Mimi mwenyewe damu ilinipanda. "Mama, inatosha!" nilipiga kelele mbele ya wote. "Jamaa wote wamefika, chakula kiko motoni, kaburi liko wazi! Unataka nini?"

Aligeuka akanitazama. "Kama ni kumleta," alisema, "nitamleta mimi, kwa njia yake."

Nilisikia neno hilo, kumleta, nikaketi chini pale pale. Tangu ziwa limmeze, Mama alikuwa akisema atakuja. Hakuwahi kusema ataletwa. Baba mdogo naye alilisikia, kwa sababu alivua kofia. Aliagiza kaburi lifunikwe kwa mabati na watu wasubiri.

Tulikwenda wawili, mimi na yeye. Baba mdogo alitaka kutupa vijana, Mama akamwambia msafara ni wa kurudi, si wa kwenda. Tulitembea polepole mno. Kwenye mbuga alishika bega langu, msituni alishika miti. Sikulalamika, na yeye akanitania kwamba labda mimi ni mgonjwa. Tulifika pale ziwa linapoonekana, akasimama kama kawaida yake. Nilingoja ageuke. Akateremka.

Tulipokewa na mwanamke wa kanisa lake anayeishi ufuoni, na asubuhi, wanawake wakiwa wanaanua na kuanika omena, Mama aliingia majini mpaka maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Akaita jina la kaka yangu, lote, la ubatizo na la nyumbani.

"Toka," alimwambia. "Huku si kwenu. Nimekuja kukuchukua. Toka twende."

Halafu akalia. Uuuwi, jinsi alivyolia! Miaka yote ile ilitoka kwa mkupuo mmoja, sauti ambayo sikujua kwamba mama yangu anayo. Wale wanawake waliacha omena zao, wasiotujua kwa jina wala kwa ukoo, wakaja mbio wakilia pamoja naye, wengine nguo mpaka magotini ndani ya maji. Nami nililia. Nilimlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza bila hasira, na iliniuma zaidi ya nilivyotarajia.

Mti wa yago uko pale kijito kinapoingia ziwani. Mama aliuzunguka akichagua. Hili fupi. Hili limepinda. Mwishowe akaonyesha moja refu lililonyooka, nikalikata kwa panga. Aliliosha kwa maji ya kijito, akalifunga ndani ya shuka jeupe, kisha akaniambia nimfungie leso mgongoni. Nikamfunga kama anavyofungwa mama mwenye mtoto mchanga. Hakuna aliyecheka. Tukaanza kupanda.

Alimbeba kwenye mawe yote. Mara mbili tatu nilimwomba anipe, akatikisa kichwa. Msituni, karibu na pale alipoangukia, magoti yalikataa. Aliegemea mti, akafungua leso mwenyewe.

"Mpokee ndugu yako," alisema.

Uzito wake ulinishangaza. Nilipokuwa mdogo kaka alinivusha mbugani mgongoni kwake, kwa ajili ya mbung'o, nami nilimpiga makofi ya kichwa ili aende kasi. Sasa nilikuwa nimeinama chini yake, jasho linaingia machoni, nikimwambia kimyakimya atulie, tunafika. Wanawake wa kuni tuliokutana nao waliona shuka, wakajua. Walitua mizigo yao, wakatoka njiani, wakasimama kwenye nyasi mpaka tulipopita.

Tulipotoka mbugani, mabati ya nyumbani yakionekana na watu wameshaanza kusimama chini ya turubai, nilisikia mti ukivunjika nyuma yangu. Niligeuka. Mama alikuwa ameshika tawi lenye majani mabichi. Aliinama kwa shida, akalilaza kukatisha njia yetu, ile ile aliyoifyeka miaka yote. Alilinyoosha vizuri kwa mikono miwili. Kisha akajifuta viganja kwenye sketi akanipita.

Alitangulia mpaka langoni. Mimi nilikuwa nimechoka, kichwa chini, natazama tu nilipoweka mguu, nikawa naingia wima wima kama ninavyoingia siku zote, maana mimi ni mfupi, mti ule haunigusi. Mama akaniwekea mkono kifuani.

"Inama," aliniambia. "Atagonga kichwa."